Andalio la Somo Linaloanzia Pambizoni

Kwa miaka kadhaa nilikuwa hodari wa kujaza jedwali la andalio la somo. Malengo mahususi, zana, utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, tathmini: kila safu ilipata maneno yake kwa mwandiko uliotulia, na waliokagua daftari langu hawakuwahi kukuta pengo. Safu moja ilikuwa inanisuta, lakini hakuna aliyeiona, na mimi sikuiona pia. Katika safu ya shughuli za wanafunzi, wiki baada ya wiki, nilikuwa nimeandika maneno yaleyale: kusikiliza, kusoma kwa zamu na kujibu maswali.

Aliyenifumbua macho alikuwa mwanafunzi wa miaka 11, msomaji bora wa darasa lake. Nilimpa kifungu kifupi cha Kiingereza nilichokuwa nimekitunga mwenyewe kwa ajili ya kipindi cha siku hiyo, nacho kilikuwa hivi: "Although the river had risen during the night, the ferryman refused to wait. He believed that it would only get worse. A boy with a goat asked whether he could cross first. The old man looked at the goat, then at the water, and shook his head." Akakisoma kwa sauti bila kujikwaa hata mara moja, akitua penye mkato na kushusha pumzi penye nukta, na wenzake wakampigia makofi. Nikamuuliza ni nani aliyetikisa kichwa. Akajibu kwamba ni yule mzee. Nikamuuliza mzee huyo ametokea wapi. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akarudi kwenye karatasi. "Alikuja na mbuzi, mwalimu?"

Katika akili yake ule ukingo wa mto ulikuwa na watu watatu, ilhali mimi niliweka wawili tu. Hakuna kitu katika masomo yake kilichowahi kumwambia kwamba Kiingereza humwita mtu "the ferryman", yaani mvushaji, katika sentensi ya kwanza na kisha kumwita "the old man" katika sentensi ya nne, kikitarajia msomaji atambue mwenyewe kwamba ni mtu yuleyule. Na andalio langu lililojaa pomoni halikuwa na neno hata moja kuhusu jambo hilo.

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza usomaji kwa namna ambayo mwalimu yeyote anaweza kuikumbuka: ufahamu wa maandishi ni zao la vitu viwili, uwezo wa kugeuza herufi kuwa maneno na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Msisitizo uko kwenye neno zao. Wao walizidisha, hawakujumlisha, kwa hiyo kimoja kikiwa sifuri, kingine hata kikiwa kikubwa namna gani jibu linabaki sifuri. Katika madarasa ya chini tunahangaika na kitu cha kwanza, na ni halali yetu, kwa kuwa mtoto asiyetambua silabi hawezi kwenda popote. Shida ni kwamba tunapofika madarasa ya juu, mtoto anapokuwa na miaka 9, 10 au 11, tunaendelea kupima kitu hichohicho kwa sababu ndicho kinachosikika. Usomaji wa sauti unasikika. Ufahamu haupigi kelele. Jeanne Chall, aliyezieleza hatua za ukuaji wa msomaji mwaka 1983, aliuweka mpaka hapohapo: mtoto anaacha kujifunza kusoma, anaanza kusoma ili ajifunze, na maandishi anayokutana nayo yanaanza kuzungumzia mambo yasiyozungumzwa katika maongezi yake ya kila siku.

Tangu siku ile ninaanza maandalizi mahali pengine kabisa. Jioni kabla ya kipindi nachukua kifungu chenyewe na penseli, nakisoma polepole kama atakavyokisoma mwanafunzi wangu, na kila mahali ninapohisi kwamba atateleza naweka alama kwenye pambizo. Jedwali nalijaza baadaye, kwa dakika chache, likiwa nakala safi ya yale yaliyokwisha kuamuliwa pambizoni. Inachukua muda, sikatai. Hata hivyo, muda ule niliokuwa nikiutumia kutafuta vitenzi vya kuandikia malengo ulikuwa haumsaidii mtu yeyote.

Nilipokirudia kile kifungu cha mto kwa penseli, alama ya kwanza iliangukia kwenye neno ambalo sikulitarajia. Andalio la siku ile lilikuwa limetaja kipengele cha sarufi, wakati uliopita timilifu, na nilikuwa nimetumia karibu nusu ya kipindi kueleza "had risen". Sasa mtoto anayezungumza Kiswahili hana ugeni mkubwa na jambo hilo, kwa maana anasema "mto ulikuwa umejaa" tangu akiwa mdogo. Dakika tatu za kuziweka sentensi hizo mbili sambamba ubaoni zingetosha. Neno lililowazuia lilikuwa "although". Nilipowauliza siku iliyofuata, wengi walidhani ni ndugu wa "also", hivyo wakaielewa sentensi nzima kinyume: mto umejaa na pia mvushaji amekataa kusubiri, kana kwamba ni habari mbili zilizowekwa bega kwa bega, wala si jambo moja linalotokea licha ya lingine. Tena wale waliolijua neno hilo walikuwa na mtego wao. Kwa kuwa katika Kiswahili tunasema bila shida "ingawa mto ulikuwa umejaa, lakini mvushaji alikataa", waliandika "although the river had risen, but the ferryman refused", na Kiingereza hakikubali viunganishi hivyo viwili vikae katika sentensi moja kwa namna hiyo. Kosa hilo nimelisahihisha kwa kalamu nyekundu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na halikuondoka hadi nilipoliingiza katika andalio kama jambo la kufundishwa na kulipa dakika zake.

Alama ya pili ilikuwa kwenye "it". Kiswahili kina tabia ya kumshika msomaji mkono. Ukisema "kiliharibika", msikilizaji anajua kinachozungumziwa ni kivuko, wala si mto. Ukisema "ulijaa", anajua ni mto, wala si mbuzi. Upatanisho wa ngeli unafanya kazi ya kuelekeza bila mtu kuiona. Kiingereza kina "it" moja ya kubebea vyote, na mtoto aliyezoea kuongozwa na viambishi anaachwa njia panda bila kibao. Nilipojaribu kuitafsiri sentensi ya pili, nilikwama mwenyewe: mvushaji aliamini kwamba "ungezidi kujaa", yaani mto, au kwamba "ingezidi kuwa mbaya", yaani hali? Kiswahili kilinilazimisha kuchagua jambo ambalo Kiingereza kiliniruhusu kuliacha likielea. Nilifurahi sana kugundua hivyo, maana swali lililonikwamisha mimi ndilo lililokuwa swali bora la kuwapa wanafunzi. Wakabishana kwa dakika nane, kila upande ukirudi kwenye maneno ya kifungu kutafuta ushahidi, na hiyo ndiyo kazi ya ufahamu.

Upande wa "he" na "she" mambo yanageuka: hapo Kiingereza ndicho kinachotoa taarifa ambayo kiambishi chetu cha "a-" hakina, na kwa sababu hiyo mwanafunzi mwenye akili timamu kabisa huandika "he is my sister" bila kuona ubaya. Nimekoma kulichukulia hilo kama uzembe. Ni mtu ambaye lugha yake haijawahi kumdai taarifa hiyo kila anapofungua kinywa.

Alama ya tatu iliwekwa penye "a boy" na "the goat". Vitabu vingi vya sarufi hueleza jambo hili kwa kanuni ndefu zinazowachosha watoto, ilhali msimulizi wa hadithi wa Kiswahili amekuwa akilifanya siku zote. Palikuwa na mzee mmoja. Mzee yule alikuwa na mbuzi. Mara ya kwanza "mmoja", kwa sababu msikilizaji hamjui. Mara ya pili "yule", kwa sababu wamekwisha kujuana. Hata katika historia ya Kiingereza chenyewe, "an" ilichipuka kutoka kwenye neno la moja, na "the" kutoka kwenye neno la kuonyesha. Njia hii haimalizi matumizi yote ya maneno hayo, na siwadanganyi wanafunzi kwamba inayamaliza, lakini inawapa mahali pa kusimama.

Baada ya alama hizo ndipo ninapochagua msamiati, na hapa nimejifunza kuwa bahili. Zamani niliorodhesha ubaoni maneno 15 magumu pamoja na maana zake, wanafunzi wakayanakili, na kesho yake yakawa yamebaki kwenye madaftari tu. Mtafiti Isabel Beck na wenzake walipendekeza kuyapanga maneno katika ngazi tatu: ya kila siku, ambayo mtoto huyaokota mwenyewe, ya fani maalumu, ambayo hukutana nayo mara chache, na katikati yake maneno yanayojitokeza katika maandishi ya kila aina lakini hayasikiki sana katika mazungumzo. Ngazi ya katikati ndiyo yenye faida. Kwa hiyo "ferryman" nalieleza kwa mchoro wa sekunde kumi ubaoni, kisha napita. "Refuse" linapata dakika tano: wanafunzi wanatafuta jambo ambalo wao wangelikataa hata wakibembelezwa, wanatofautisha kukataa na kusahau, wanaona "refused" na "refusal" zikitoka katika shina moja, na kila mmoja anatamka sentensi yake kwa mwenzake kabla ya kuiandika. "Believe" na "whether" nayo yanapata nafasi. Maneno manne kwa kipindi yananitosha, lakini kwa sharti moja: yarudi. Katika pembe ya ukurasa naandika tarehe tatu, ya kesho, ya wiki ijayo na ya mwezi ujao, na siku hizo maneno hayo yanaingia katika utangulizi wa kipindi hata kama somo limekwisha kuhamia kwingine.

Suala la mada lilinichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Nilikuwa nabadilisha mada kila kipindi nikidhani aina nyingi huwafurahisha watoto: leo mto, kesho anga, keshokutwa mashindano ya riadha. Kisha nikasoma kuhusu jaribio la Donna Recht na Lauren Leslie la mwaka 1988. Waliwapa wanafunzi 64 wa miaka ya mwanzo ya sekondari kifungu kuhusu mchezo wa besiboli, wakawataka waigize kilichotokea kwa kutumia kielelezo cha uwanja na kisha wasimulie. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo huo vizuri waliwashinda wasomaji hodari wasioujua. Kumbe kila nilipobadilisha mada nilikuwa nawaanzisha wanafunzi dhaifu upya kutoka sifuri. Sasa mto ukiingia darasani unakaa wiki tatu: hadithi ya mvushaji, maelezo ya namna mto unavyochimba kingo zake, barua ya mtu anayelalamikia daraja bovu, shairi fupi. Maneno "bank", "flood", "current" na "cross" yanarudi yenyewe bila kuitwa, na kufikia wiki ya tatu mwanafunzi aliyekuwa akijificha nyuma ya mwenzake anakuwa na la kusema, kwa sababu habari ya mito sasa anaijua.

Kuhusu kusoma kwa zamu, hesabu yake ni fupi. Kipindi cha dakika 40 chenye wanafunzi 40 kinampa kila mmoja dakika moja ya kusoma na dakika 39 za kungoja zamu yake kwa hofu, na wakati huo wa hofu hasikilizi kifungu bali anahesabu ni sentensi ipi itakayomwangukia. Nimeuacha utaratibu huo. Nasoma mimi kwanza kwa sauti, wao wakifuatilia kwa macho. Kisha wanasoma wawili wawili kwa sauti ya chini, wakipokezana, mara mbili au tatu, nami nazunguka nikisikiliza jozi chache ambazo majina yao nimeyaandika pambizoni tangu jana jioni. Darasa linavuma kama mzinga wa nyuki na mgeni anayepita dirishani anaweza kudhani mwalimu hayupo.

Maswali nayaandika neno kwa neno kabla ya kuingia darasani, jambo ambalo nilipokuwa kijana niliona ni la waoga. Swali ninalolitunga nikiwa nimesimama ubaoni huwa ni swali la kutafuta, la nani na wapi, ambalo mwanafunzi anaweza kulijibu kwa kunakili sentensi yenye maneno yanayofanana na ya swali bila kuelewa chochote. Kuuliza "Who had a goat?" hakunipi habari. Kuuliza ni kwa nini mzee alimtazama mbuzi kwanza kisha akayatazama maji, na alikuwa akiwaza nini kati ya mitazamo hiyo miwili, kunanipa. Chini ya swali la aina hiyo huwa naandika maneno mawili kwa herufi kubwa: KAA KIMYA. Mtafiti Mary Budd Rowe, aliyepima muda wa kusubiri majibu madarasani katika miaka ya 1970, alikuta walimu wakisubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu, na kwamba wakivumilia hadi sekunde tatu majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Sekunde tatu mbele ya darasa lililonyamaza ni ndefu kama safari. Bila kuandikiwa maneno yale mawili, mimi hushindwa.

Katika lugha ya majadiliano nimebadilika pia, na najua wapo wenzangu wasiokubaliana nami. Nilikuwa nakataza Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, matokeo yake watoto wenye mawazo mazito wakawa wanatoa majibu ya maneno mawili, kwa sababu ndiyo maneno mawili waliyokuwa nayo. Sasa naamua mapema, kwa penseli, Kiswahili kinaingia wapi na kinatoka wapi. Kubishana juu ya maana ya "it" kunaweza kufanyika kwa Kiswahili. Sentensi ya mwisho itakayoandikwa daftarini ni ya Kiingereza, na kati ya hapo na pale kuna hatua ambayo naisimamia mimi, ambapo wazo lililozaliwa kwa lugha moja linatafutiwa maneno ya lugha nyingine ubaoni, mbele ya wote. Ubaya uko kwenye Kiswahili kinachojiingiza kwa sababu mwalimu amechoka. Nimekifanya hicho mara nyingi vilevile.

Upande wa kuandika ndio uliokuwa dhaifu kuliko yote katika maandalio yangu, kwa maana uliwekwa mwisho na mara zote muda uliisha kabla haujafikiwa. Nilichokifanya ni kuanza na mwisho: kabla ya kupanga chochote, naandika mimi mwenyewe sentensi ambayo nataka mwanafunzi wa kawaida wa darasa langu aweze kuiandika kipindi kikiisha. Kwa kifungu cha mto niliwapa mwanzo mmoja, "The ferryman refused to wait", na viunganishi vitatu vya kuendelezea: "because", "but" na "so". Zoezi linaonekana jepesi mpaka utakapolijaribu. "Because" inamlazimisha mwandishi arudi kwenye kifungu kutafuta sababu; "but" inamtaka atafute kinachopingana; "so" inamtaka akisie matokeo. Mmoja aliandika: "The ferryman refused to wait, but he did not take the goat." Nilitaka kuikata, kisha nikaitafakari. Alikuwa ameona kile ambacho mimi mtunzi sikukiona: mtu mwenye haraka ya kuvuka ambaye bado anakataa abiria, haraka yake na woga wake vikivutana.

Zoezi hilohilo linasaidia kuvunja mnyororo ambao kila mwalimu wa insha za Kiingereza anaujua: "and then he went and then he saw and then he took". Kwa muda mrefu niliuita uvivu. Siku moja nikausoma kwa sauti kwa Kiswahili, akaenda, akaona, akachukua, nikasikia kwamba ni Kiswahili safi, chenye mwendo wa hadithi, kilichovalishwa maneno ya Kiingereza. Kiambishi cha "-ka-" kinafanya kwa silabi moja kile ambacho Kiingereza hukifanya kwa kugawanya kazi kati ya "when", "after", "while" na mpangilio wa sentensi. Kwa hiyo sasa natenga kipindi kizima cha kuchukua mnyororo mmoja wa mwanafunzi, bila kutaja jina, na kuujenga upya pamoja ubaoni: kitendo kipi ni kikuu, kipi ni mandhari yake, kipi kilitangulia.

Mwisho wa wiki huwa na imla fupi, sentensi tano, kwa kuwa imla hunionyesha masikio ya wanafunzi. Kiingereza kina sauti takriban 44 zinazoandikwa kwa herufi 26, na tahajia yake ilianza kuganda wakati sauti zenyewe zikiwa bado zinahama; William Caxton alianza kupiga chapa Uingereza mwaka 1476, na "k" ya "knight", iliyokuwa ikitamkwa enzi hizo, imebaki kwenye karatasi baada ya kutoka midomoni. Mtoto aliyelelewa na irabu tano zinazoandikwa jinsi zinavyotamkwa ana haki ya kushangaa. Kwake "hat", "hut" na "heart" ni neno moja mpaka afundishwe kusikia matatu. Vilevile silabi zake zimezoea kuishia na irabu, kwa hiyo "-ed" ya "walked", ambayo ni mguso tu wa "t", humpita bila kuisikia, na asichokisikia hakiandiki.

Madaftari ya imla ya juzi yako mbele yangu ninapoandika haya. Sentensi ya tatu ilikuwa "The boy is leaving the river." Kati ya madaftari 38, 14 yana "The boy is living the river", na mawili yana "living in the river", maana wenyewe waliona kuna kitu kinakosekana wakakiongeza ili mtoto apate mahali pa kuishi. Nimekwisha kuandika pambizoni mwa kifungu cha kesho, kwa penseli, maneno "live" na "leave", mstari mfupi chini ya moja na mstari mrefu chini ya jingine, pamoja na majina ya wale wawili nitakaowasikiliza kwanza.